Moyo Ulitangulia, Miguu Ikabaki Nyuma: Kisa cha Farasi wa Masafa Marefu Baada ya Kipupwe cha Matope

Farasi anayehusika katika kisa hiki ni jike wa miaka 11, chotara wa Kiarabu, ambaye msimu uliotangulia alikuwa amemaliza mashindano ya ustahimilivu ya kilomita 80 bila kasoro na kuufunga mwaka akiwa na miguu safi. Kikafuata kipupwe cha mvua. Kwa miezi minne hivi aliishi katika malisho ambayo mbele ya lango na kando ya birika la maji palikuwa na tope la kuzamisha vifundo, njia za kupandia hazikupitika, na mwenye farasi, ambaye kazi yake ilimchukulia saa zote za mwanga, aliweza kumtembeza mara chache tu. Ardhi ilipoanza kukauka alitaka farasi huyo awe tayari kwa kilomita nyingine 80 baada ya wiki 12, akaniomba ushauri kuhusu namna ya kupanga mazoezi.

Ombi hilo halikuwa la kupuuza, kwa sababu farasi aliyewahi kuwa fiti hurejea haraka kuliko farasi anayeanza. Uwezo wa moyo na wa misuli kutumia oksijeni hupungua polepole wakati wa mapumziko, na farasi anayezungukazunguka malishoni hupoteza kidogo kuliko anayefungiwa bandani. Ugumu uko kwingine. Viungo vya mwili havijengeki kwa mwendo mmoja: moyo, damu na misuli huonyesha mabadiliko ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu, kano zinazounganisha misuli na mifupa, na ligamenti zinazounganisha mfupa na mfupa, huhitaji miezi mitatu hadi sita, na mifupa huweza kuchukua mwaka au zaidi kuzoea kazi kikamilifu. Ukwato nao hukua milimita 6 hadi 10 tu kwa mwezi, kwa hiyo ukwato ulioharibika wakati wa mvua utakuwa bado ardhini pamoja na farasi wakati misuli yake imekwisha kusahau kipupwe. Kwa maoni yangu hapa ndipo mipango mingi ya baada ya kipupwe hukosewa, kwa kuwa kalenda hupangwa kwa kufuata moyo, ambao hupimika kwa urahisi na hupendeza kupimwa, ilhali hatari yote imelala miguuni.

Kabla ya mpango wowote, farasi alikaguliwa kuanzia juu hadi chini. Uzito wake ulikadiriwa kwa utepe: mzunguko wa kifua katika sentimita huzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa mwili, na jibu hugawanywa kwa 11,877 ili kupata kilo. Kwa mzunguko wa sentimita 178 na urefu wa sentimita 160 tulipata takriban kilo 427. Katika kipimo cha hali ya mwili cha Henneke, kilichotolewa mwaka 1983 na chenye alama kuanzia 1 kwa aliyekonda kabisa hadi 9 kwa aliyenenepa kupita kiasi, alistahili kati ya 6 na 7, ambayo ni juu kidogo ya kile ambacho wengi hukitaka kwa farasi wa masafa marefu. Mafuta yale yalidanganya jicho, kwa sababu mtu aliyemtazama kwa mbali angemwona amejaa, lakini mkono uliopita mgongoni ulikuta misuli ya pande mbili za uti imenywea na tandiko la msimu uliopita sasa likikaa kwenye ncha zake za mbele na za nyuma tu, huku katikati pakiwa wazi. Mapigo ya moyo akiwa ametulia yalikuwa 40 kwa dakika, ndani ya kiwango cha kawaida cha 28 hadi 44, na upumuaji wake ulikuwa shwari.

Miguu ndiyo iliyokuwa na mengi ya kusema. Nyuma ya vifundo vya miguu yote miwili ya nyuma palikuwa na magamba yaliyogandamana na manyoya, na chini yake ngozi nyekundu yenye maumivu. Huo ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na unyevu wa muda mrefu: maji hulainisha ngozi, chembe za udongo huikwaruza, na bakteria, hasa Dermatophilus congolensis, hupata mlango wa kuingilia. Katika kwato tatu kati ya nne, ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya wayo wa ukwato ilikuwa imeoza kwenye mifereji yake na kutoa harufu kali. Ncha za kwato za mbele zilikuwa zimerefuka, visigino vimelala mbele, na mstari mweupe unaounganisha ukuta wa ukwato na wayo ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza mchanga.

Kuhusu urefu wa ncha za kwato napenda kusimama kidogo, kwa sababu wapandaji huuona kama suala la sura. Farasi anapoinua mguu, ukwato hubingirika juu ya ncha yake, na ncha ikiwa ndefu mbingiriko huo huchelewa. Katika muda huo wa kuchelewa kano zinazopita nyuma ya mguu huendelea kuvutwa. Kwa hatua moja mvuto huo wa ziada ni mdogo, lakini kilomita 80 ni maelfu kwa maelfu ya hatua kwa kila mguu, na miguu ya mbele ndiyo inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi hata kabla ya kumwongezea mpandaji.

Wiki mbili za kwanza hazikuwa na mazoezi ya tandiko hata kidogo. Fundi wa kwato alikata ncha kwa kiasi, akarudisha visigino nyuma, akapanga kurudi kila baada ya wiki tano, badala ya kujaribu kurekebisha kila kitu kwa siku moja na kumwacha farasi na wayo mwembamba juu ya mawe. Mifereji iliyooza ilisafishwa na kukaushwa kila siku. Kwa ngozi ya vifundo ilitumika njia ya uvumilivu: manyoya yalinyolewa, eneo likaoshwa kwa dawa ya kuua bakteria, likakaushwa kabisa kwa taulo, na magamba yakaachwa yalainike na kuanguka bila kubanduliwa kwa nguvu. Kosa la kawaida hapa ni kuosha miguu kwa maji kila jioni na kuiacha imeloa, jambo ambalo huuendeleza unyevu uleule ulioanzisha ugonjwa. Farasi pia alihamishiwa usiku kwenye uwanja mdogo wa kokoto, ili kwa angalau nusu ya siku asimame pakavu. Wakati huohuo alitembezwa kwa mkono barabarani kwa dakika 20, kisha 30, kisha 40.

Chakula kilirekebishwa polepole. Msingi ulibaki nyasi kavu, zikianza kwa asilimia 2 ya uzito wa mwili kwa siku na kupunguzwa kidogo ili mafuta ya ziada yaondoke, ila hazikushushwa chini ya asilimia 1.5, kwa sababu utumbo mpana uliojaa nyuzinyuzi ni ghala la maji na chumvi ambalo farasi wa masafa marefu hulitegemea katikati ya safari. Nafaka iliongezwa baadaye, kulingana na kazi iliyofanyika, na kila siku ya mapumziko ilipunguzwa sana. Farasi anayelishwa nafaka nyingi siku za kupumzika kisha akafanyishwa kazi ghafla yumo katika hatari ya misuli kukakamaa na kuvunjika, hali ambayo mkojo wake mweusi ni dalili ya dharura.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya tano alipandwa kwa kutembea tu. Mwenye farasi aliona muda huu ni mrefu, na ninaelewa kwa nini: baada ya miezi ya kungoja hali ya hewa, kutembea saa moja na nusu kwenye barabara ngumu hakumpi mpandaji hisia ya maendeleo. Hata hivyo kutembea kwenye ardhi ngumu na sawa ndiyo kazi inayoianzisha mifupa na kano bila kuzizidia. Mfupa unapopewa kazi mpya hauongezi tu. Kwanza seli maalumu huondoa sehemu ya mfupa wa zamani, kisha nyingine hujaza mfupa mpya uliopangwa kulingana na mzigo, na kati ya hatua hizo mbili kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Kuongeza kasi katika kipindi hicho, kwa kuwa farasi anaonekana mchangamfu, ni kumtoza deni ambalo bado hajapata uwezo wa kulilipa.

Wiki ya sita hadi ya nane aliingizwa mchakamchaka, kwanza dakika tano kwa vipindi vilivyotenganishwa na kutembea, baadaye dakika 20 mfululizo kwa kasi ya kilomita 12 kwa saa. Kanuni iliyofuatwa ni kwamba wiki moja huongezwa umbali au kasi, kamwe si vyote viwili, na milima huhesabiwa kama kasi. Kazi ndefu ilifanywa mara moja kwa wiki na kufuatiwa na siku za wepesi, kwa sababu farasi, tofauti na binadamu, huhitaji saa 48 hadi 72 kurudisha akiba ya sukari ya misuli baada ya kazi nzito. Kifaa cha kupima mapigo kilichofungwa chini ya mkanda wa tandiko kilionyesha mapigo 130 hadi 140 katika mchakamchaka, ambayo ni kazi inayotegemea oksijeni kikamilifu, na baada ya kusimama mapigo yalishuka chini ya 64 ndani ya dakika chache. Kiwango hicho cha 64 kinajulikana na kila mpandaji wa masafa marefu, kwa kuwa ndicho hutumiwa sana na madaktari wa vituo vya ukaguzi kuamua kama farasi aendelee. Kwa kipimo cha moyo peke yake, farasi huyu alikuwa tayari kwa shindano la kilomita 40 mwishoni mwa wiki ya nane.

Mwisho wa wiki hiyo ndipo tatizo lilipotokea. Safari ya kilomita 20 ilipangwa kupita kwenye njia ngumu, lakini sehemu yake ilikuwa imefurika, na mpandaji akachukua njia ya msituni ambayo kwa kilomita tano hivi ilikuwa tope zito lenye kina. Farasi alikuwa na hamu ya kwenda, mapigo yake hayakupita 140, na sehemu kubwa ya njia ile ilipitwa kwa mchakamchaka. Alirudi nyumbani akiwa na mapigo 56 ndani ya dakika kumi, akala, akanywa. Asubuhi iliyofuata mkono uliposhuka nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto ulikuta joto kidogo na uvimbe laini katikati ya mguu. Hakuchechemea, si kwa kutembea wala kwa mchakamchaka kwenye mstari ulionyooka.

Ningependa kila msomaji aone jinsi takwimu za siku ile zilivyokuwa nzuri. Hakuna namba moja kwenye kifaa iliyoonya, na hakika kifaa hakikukosea, kwani kilipima moyo na moyo ulikuwa salama. Tope zito hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ncha ya ukwato huzama kuliko kisigino au kinyume chake, mguu ukapinda kwa namna ambayo ardhi ngumu haingeruhusu, na kisha ukwato hung'ang'aniwa na tope wakati wa kuinuka, hivyo kano hufanya kazi ya kunyanyua juu ya kazi yake ya kawaida ya kuhifadhi na kurudisha nguvu. Kano ya juu inayokunja kidole hunyooka na kurudi kwa kila hatua, sehemu ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto, na katika farasi wanaokimbia shoti joto la kiini chake limepimwa kufika nyuzi 45 za Selsiasi. Misuli inapochoka uratibu wa hatua hupungua, na mzigo ambao misuli ingeupokea huhamia kwenye kano. Farasi huyu alikuwa na misuli ya wiki nane za kazi na kano za wiki nane za kazi, lakini wiki nane kwa misuli ni nyingi na kwa kano ni mwanzo.

Sidhani kwamba tope la siku moja lilikuwa sababu pekee. Ncha za kwato zilikuwa bado hazijarejea mahali pake kikamilifu, kwa kuwa fundi alikuwa amezishughulikia mara mbili tu, na miezi ya kusimama kwenye tope la lango, ambako farasi hugeuka na kusukumana wakingoja chakula, huenda ilikwisha kuzichosha kano hizo kabla ya zoezi la kwanza. Siku ile ilijumlisha yote.

Uamuzi uliofuata ulikuwa sahihi na ulifanyika haraka. Mpandaji hakusubiri kuona kama uvimbe utaisha wenyewe, wala hakujiridhisha kwa kuwa farasi hachechemei. Alimwita daktari wa wanyama siku hiyohiyo, mguu ukapoozwa kwa maji baridi mara kadhaa, na siku chache baadaye kano ikapigwa picha ya ultrasaundi. Picha ilionyesha majimaji kuzunguka kano, na nyuzi zenyewe zikiwa zimepangika vizuri bila tundu. Hiyo ilikuwa habari njema kuliko wengi wanavyotambua. Nyuzi za kano zikikatika, ukarabati huchukua miezi 9 hadi 12 na kovu linalobaki halina mnyumbuko wa kano ya asili, kwa hiyo msimu wote ungekuwa umekwisha na labda na msimu unaofuata. Farasi alirudishwa kwenye kutembezwa kwa mkono, kisha kupandwa kwa kutembea, wiki tatu kwa jumla, na picha ya pili ilipokuwa safi ndipo mchakamchaka ukaanza tena kwa dakika tano, kama mwanzo.

Wiki ya 12, ambayo ilikuwa imetengwa kwa kilomita 80, ikapita. Mwenye farasi aliuliza kama inawezekana kuchukua shindano la 80 wiki sita baadaye badala ya kuanza na fupi, akitoa hoja kwamba farasi ana uzoefu na kwamba wiki tatu za kutembea hazikupunguza sana uwezo wake. Kuhusu uwezo wa moyo alikuwa sahihi kabisa, na mapigo ya mchakamchaka yalithibitisha hivyo. Nilishauri 40, kwa sababu mguu ule ulihitaji kuthibitishwa kwenye kazi halisi ambayo mtu anaweza kuisimamisha bila majuto, na kilomita 40 kwa farasi huyu zilikuwa kazi halisi lakini si ya kumfikisha kwenye uchovu wa misuli. Alikubali, ingawa kwa shingo upande mwanzoni.

Katika wiki hizo sita mambo mawili ya kipupwe yaliendelea kudai umakini. La kwanza lilikuwa manyoya. Hali ya hewa ilipata joto kabla farasi hajamaliza kupukutisha koti lake zito, na siku moja ya jua mapigo yalichukua karibu mara mbili ya muda wa kawaida kushuka. Shingo na kifua viliponyolewa tatizo likaisha. La pili lilikuwa jasho. Jasho la farasi lina chumvi nyingi, sawa na damu yake au zaidi, kwa hiyo anapopoteza maji mengi ukolezi wa damu haupandi na kiu haimjii kama inavyomjia binadamu. Farasi anaweza kukauka huku akiyakataa maji. Mpandaji alimzoesha mapema kunywa kwenye kila kijito na kila ndoo iliyokuwa njiani, na kupokea chumvi pamoja na chakula kilicholoweshwa siku za kazi ndefu. Tandiko nalo lilirekebishwa tena, kwa kuwa misuli ya mgongo ilikuwa imerudi na mto uliowekwa mwanzoni kuziba uwazi wa katikati sasa ulibana.

Shindano la kilomita 40 lilifanyika wiki ya 18. Farasi alipimwa tena kwa utepe na kukutwa na kilo 408 hivi. Mpandaji pamoja na vifaa walikuwa kilo 78, chini kidogo ya asilimia 20 ya uzito huo, ambayo hutumika mara nyingi kama kikomo. Njia ilikuwa kavu isipokuwa maeneo mawili ya mabondeni, na yote mawili yalipitwa kwa kutembea, ingawa washindani wengine waliyapita kwa kasi. Muda wa jumla ulikuwa saa tatu na dakika 40, wastani wa karibu kilomita 11 kwa saa. Kwenye kituo cha ukaguzi cha katikati mapigo yalikuwa 60 baada ya dakika sita, na sauti za utumbo zilikuwa zimepungua upande mmoja, jambo lililomfanya mpandaji amlishe nyasi kwa muda wote wa mapumziko na kuanza nusu ya pili polepole. Mwishoni daktari alifanya jaribio la CRI, yaani kipimo cha jinsi moyo unavyorejea katika hali yake baada ya kazi: mapigo huhesabiwa, farasi hukimbizwa mchakamchaka mita 38 kwenda na mita 38 kurudi, na dakika moja tangu alipoanza kukimbia mapigo huhesabiwa tena. Farasi aliyechoka kupita kiasi au mwenye maumivu huonyesha hesabu ya pili iliyopanda kwa mapigo manne au zaidi. Huyu alikuwa na 52 na 52. Sauti za utumbo zilikuwa zimerudi pande zote mbili, na mwendo wake ulikuwa sawa.

Matokeo niliyoyangoja zaidi hayakuwa ya siku hiyo. Kano ilipapaswa asubuhi tatu zilizofuata, mguu ukiwa mkavu na farasi akiwa bado hajatoka kutembea, kwa kuwa matembezi ya asubuhi huweza kuondoa uvimbe mdogo na kuficha habari yake. Na kila mara mguu wa kushoto ulilinganishwa na wa kulia kwa mkono uleule. Ulikuwa baridi na bila uvimbe asubuhi zote tatu. Kutokana na hilo farasi alipewa wiki mbili za wepesi, kisha ukawekwa mpango wa kilomita 80 wiki kumi baada ya shindano, ukiwa na masharti yaliyoandikwa mapema: picha nyingine ya ultrasaundi wiki nne kabla, kwato kushughulikiwa siku kumi kabla ili farasi azoee, na safari kufutwa ikiwa mvua italoanisha njia kiasi cha kulazimisha zaidi ya kilomita chache za tope. Kabla ya kipupwe kijacho, eneo la lango na la birika litawekwa kokoto juu ya kitambaa cha kuchujia maji, kazi ambayo gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na msimu mmoja wa farasi aliyelala na kano iliyokatika, na ambayo kwa kweli ndiyo sehemu ya kwanza ya mazoezi ya mwaka unaofuata.